Ukubwa jaa: kisa cha Simba na Pipi, mbwa wawili wa Tudor

Kazi yangu ni kuchanja wanyama. Ng'ombe wa maziwa wa Kisauni, mbuzi wa Likoni, na siku hizi zaidi mbwa na paka wa kisiwani, nyumba kwa nyumba, na kijisanduku cha barafu begani. Kwa hivyo nilipopigiwa simu Jumapili asubuhi niende ploti moja Tudor "kumtazama mbwa aliyemtafuna mtoto", halikuwa jambo geni. Nikauliza: mbwa yupi? Maana ploti ile naijua, ina mbwa wawili. Aliyepiga akanyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa jua lachomoza wapi. "Yupi tena, daktari? Si Simba!"

(Mimi si daktari. Ni msaidizi wa daktari wa mifugo. Lakini Mombasa ukishashika sindano ushakuwa daktari, na nimechoka kubisha.)

Simba ni jamani shepadi, wale ambao watu huwaita mbwa wa polisi. Nilipompima mara ya mwisho alikuwa na kilo 36. Ni wa mzee mmoja mstaafu wa bandari anayekaa chini. Pipi ni mweupe pe, chotara wa spitsi na kitu kingine ambacho hata mwenyewe hakijui, kilo 4 na kidogo, na anakaa ghorofa ya pili na dada mmoja mwenye saluni. Simba hulala bandani kando ya geti. Pipi hulala kitandani.

Nitaeleza kilichotokea kama nilivyokipata kwa watu sita, mmoja mmoja, kwa sababu namna habari ilivyosafiri ndiyo nusu ya kisa chenyewe.

Ilikuwa Jumamosi baada ya Alasiri. Watoto walikuwa wakicheza mpira pale magari yanapoegeshwa. Mzee alikuwa amemfungua Simba amwogeshe kando ya tangi. Mpira ukabingirika hadi chini ya ngazi, mtoto wa miaka 7 akaufuata, kisha kikasikika kilio. Watu walipogeuka walimwona mtoto yuko chini, na Simba, aliyekimbia kutoka tangini aliposikia kilio, amesimama karibu naye. Mwili mzima umejaa povu. Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza akapaza sauti: "Mbwa ana povu! Ana kichaa!" Povu ni kweli alikuwa nalo. Lilikuwa la sabuni ya kipande.

Mawe yakaanza. Simba akachanwa juu ya jicho, akajitosa chini ya Probox ya jirani na hakutoka mpaka Isha. Mtoto akazungukwa na watu wazima wanane hivi, na mmoja akamwuliza: "Ni Simba aliyekutafuna, sio?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. Mtoto wa miaka saba, analia, damu yamtoka, ameulizwa swali lenye jibu ndani yake. Angeulizwa kama ni papa wa Mtongwe angeitikia vilevile.

Katika watu sita niliozungumza nao, hakuna hata mmoja aliyeyaona meno yakiingia. Watatu walisema "niliona". Nilipowabana, walichoona ni mbwa mkubwa amesimama na mtoto mdogo amelala. Kilichobaki walikijaza wenyewe, tena kwa haraka, maana picha hiyo walikuwa nayo kichwani siku nyingi. Imebandikwa kwenye mageti ya Nyali na Kizingo: kichwa cha shepadi, meno nje, na chini yake MBWA KALI, Kiswahili cha geti hicho. Sijapata kuona kibao chenye picha ya mbwa wa kilo nne.

Nikaomba kuona kidonda. Kilikuwa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino: vitundu viwili vilivyoachana kwa sentimita 2 hivi, na mchubuko pembeni. Nikashuka kwa mzee na utepe wa fundi cherehani. Yeye akamshika Simba kichwa, mimi nikampanua mdomo na kupima kutoka chonge hadi chonge, meno ya juu. Zaidi ya sentimita 4. Sitaki kumfanya mtu aamini kwamba utepe wa kushonea ni mahakama. Ngozi huvutika, mtoto alikuwa akijirusha, na alama za meno zinaweza kudanganya. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Shepadi aliyeudhika, akiufumba mdomo wake kwenye mguu wa mtoto wa miaka saba, haachi vitundu viwili. Na kimo kile cha kisigino ni kimo cha mbwa ambaye uso wake wote uko pale.

Nikaenda kwa soja wa geti. Swali langu halikuwa "Simba alifanya nini?" Nilimwomba anitajie kila kitu alichokiona kikitembea dakika ile. Akataja watoto, akamtaja muuza maji, akamtaja Simba, kisha akasema hivi hivi tu: "Na kale kadogo, nilikaona kanapanda ngazi mbio." Mbona hakusema jana? Akacheka. "Daktari, kale nako ni mbwa?"

Nikapanda ghorofa ya pili. Yule dada alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti, na Pipi akiwa kwapani akininguruma mfululizo. Nikamwuliza kwa upole kama Pipi alikuwa nje saa ile. Akakaa kimya, kisha: "Alikuwa amelala pale chini ya ngazi kwenye kivuli. Yule mtoto karibu amkanyage. Lakini hakumtafuna, daktari. Alimdona tu."

Neno hilo nimelibeba tangu siku ile. Simba alipokuwa mshtakiwa, maneno yalikuwa kutafuna, kurarua, kushambulia. Jeraha ni lilelile, mguu ni uleule, lakini lilipohamia kwa Pipi likawa kudona, kama la kuku. Nikauliza zaidi, maana mlango ulikuwa umeshafunguka: je, amepata kumdona mtu mwingine? Mama wa kufua, mara mbili. Kijana wa gesi, kwenye kidole gumba. Mpwa wake mwenyewe, mdomoni, siku ya Idi. Watu watatu, mara nne, na hakuna aliyewahi kulipeleka jambo hilo kwenye kamati ya ploti. Kijana wa gesi alipolalamika alichekwa. Rekodi ya Simba kwa miaka mitano: amewabwekea watu wengi, hajamuuma yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitia baridi, maana mpaka hapa ningeweza kusema ni dhuluma tu dhidi ya mnyama na tukaenda zetu.

Jumamosi usiku mtoto alipelekwa kituo cha afya. Wakaulizwa kama mbwa anajulikana. Ndiyo, ni Simba. Amechanjwa? Ndiyo, mzee alishatoa kadi, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, sahihi yangu mwenyewe ipo. Basi mtoto akapewa sindano ya pepopunda na dawa ya maumivu, akarudishwa nyumbani. Kwa mbwa waliyetajiwa, wangeweza hata kujitetea. Ila mbwa aliyeuma hakuwa yule. Nilipomwomba yule dada kadi ya Pipi, aliniangalia kwa mshangao wa kweli: "Lakini huyu hatoki nje, na ni mdogo." Hajachanjwa hata mara moja. Na alikuwa chini ya ngazi, mlango wa geti wazi, mbwa koko wa mtaa wakipita.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Karibu maambukizi yote ya binadamu duniani, asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na virusi havihitaji shimo kubwa. Mate na kijitundu vinatosha. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa mwiba ulikuwa umeshaingia mguuni. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hesabu hiyo haiwarukii wadogo. Lakini nikipita mitaani naona ni nani huletwa kwangu: mwenye mbwa mkubwa huja na kadi mkononi kwa sababu anajua siku moja ataulizwa. Mwenye kambwa huja nikimkumbusha mara tatu. Ile chuki inayomwandama Simba ndiyo hiyohiyo inayompa Pipi ruhusa ya kutochunguzwa.

Kuhusu huduma ya kwanza, nyanya wa mtoto alinipa funzo bila kukusudia. Alikuwa amemwosha mguu mara saba, moja kwa mchanga, kwa hukumu ya najisi ya mbwa kama tulivyofundishwa Kishafi, kisha akapaka manjano. Yale maji mengi ndiyo kitu bora zaidi kilichofanyika siku ile. Kidonda cha mbwa huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, papo hapo, kabla ya kutafuta gari. Mchanga na manjano ndani ya kidonda ndivyo vilivyokuwa tabu. Nikamweleza, akasema, "Basi nilikuwa nusu daktari." Nikamwambia kumzidi aliyempokea mjukuu wako jana.

Mama yake mtoto akachukua tuktuk saa ileile hadi hospitali kubwa na maelezo yangu kwenye karatasi. Chanjo ikaanza: siku ya kwanza inayohesabiwa sifuri, kisha ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mimi nikaagiza mbwa wote wawili wafungiwe na kutazamwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku ya kuuma huugua au hufa ndani ya muda huo. Kila asubuhi nilipita kabla ya kazi. Wote walimaliza siku kumi wakila na kubweka. Mama hata hivyo aliamua mtoto amalize sindano zote, na mimi nilimuunga mkono.

Hapo ungedhani kesi ya Simba imekwisha. Haikwisha.

Kamati ilikutana Alhamisi, uani, viti vya plastiki. Nikaalikwa nieleze, nikaeleza. Dada wa saluni, kwa haki yake, alisimama mbele ya majirani akasema ni Pipi. Ilimchukua moyo. Watu wakasikiliza, wakatikisa vichwa, kisha mwenyekiti akasema: "Tumeelewa. Sasa tuamue Simba ataondoka lini."

Sikuamini masikio yangu. Kijana wa ghorofa ya tatu ndiye aliyeshika usukani. Hoja yake: leo ilikuwa Pipi, tumeshukuru Mungu, lakini angekuwa Simba? Na hata Uingereza, kwenye watu wanaolala na mbwa, hawa wakali wamepigwa marufuku. Nilimjibu kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 ilitaja aina nne, pit bull akiwemo, na shepadi hayumo. XL Bully, mbwa mkubwa wa jamii ya pit bull, ndiye aliyeongezwa, na tangu Februari 2024 huwezi kumfuga Uingereza na Wales bila cheti cha ruhusa. Na si nchi zote zilizoshikilia njia hiyo. Uholanzi ilikuwa na marufuku ya pit bull tangu 1993, ikaifuta mwaka 2008 baada ya kuona watu wanaendelea kuumwa kama kawaida. Kijana akasema Uholanzi si Mombasa. Nikamwambia na Uingereza vilevile. Watu wakacheka, lakini sikuwa nimeshinda kitu.

Aliyenigusa ni mama mmoja mjamzito aliyekaa nyuma. Hakuwa na makelele. Alisema: "Mimi simchukii. Lakini kile kidogo kikiniuma nitapaka dawa. Huyu akinirukia tu, hata kwa mchezo, nitaanguka, na nilichobeba wakiona."

Hoja hiyo sikuweza kuibeza, na ye yote anayewatetea mbwa wakubwa akiikwepa anadanganya. Kilo 36 ni kilo 36. Mdomo mkubwa ukiuma unavunja, na jeraha la Simba lingempeleka mtoto yule kwenye chumba cha upasuaji. Kwa hiyo nilimpa haki yake. Ila uzito unakujibu swali moja: akiuma, ataumiza kiasi gani? Haujibu jingine: ni nani atakayeuma? Kamati ilikuwa imeyatia maswali mawili kwenye chungu kimoja. La kwanza linahalalisha geti lifungwe, kamba ishikwe, asiogeshwe watoto wakiwa uani (hapo mzee alikosea, na nilimwambia mbele ya wote). Halihalalishi kumhukumu kwa kosa la mwenzake.

Na kwenye lile swali la pili, tunayoyajua hayawapendezi wenye vimbwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, akiwemo James Serpell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichapisha majibu ya maelfu ya watu kuhusu mbwa wao. Waliotokea juu kwa ukali, kwa wageni na hata kwa wenye nyumba, walikuwamo dakshundi, yule mrefu wa miguu mifupi, Chihuahua na Jack Russell. Wote wa kubeba kwapani. Watafiti wa Vienna nao, mwaka 2010, waliwauliza wafugaji zaidi ya 1,200 na wakakuta sehemu ya jibu iko kwa mwenye mbwa: wenye wadogo huwafundisha kwa uchache zaidi, na leo hukataza kitu ambacho kesho hukiruhusu. Hata aina yenyewe ya mbwa haikuambii mengi juu ya mbwa aliye mbele yako. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliotoka mwaka 2022 uliiona ikieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Kwa macho yangu, Vienna ilikuwa pale pale Tudor. Simba akiwa mtoto alinguruma mara moja juu ya sahani, na mzee akaacha kila kitu akamfundisha wiki mbili, kwa hofu ya majirani. Pipi akinguruma huchekwa, huitwa "mkali wangu", na hunyanyuliwa juu, yaani hupewa alichotaka. Kwa lugha ya mbwa, kunguruma ni onyo la heshima: niondokee. Onyo likichekwa kila siku, mnyama huliacha, na siku moja huanza na meno. Pipi hakuzaliwa katili. Amefundishwa kwamba meno ndiyo neno pekee linalosikika.

Aliyegeuza kikao hakuwa mimi. Alikuwa ustadhi wa ghorofa ya kwanza, ambaye nilidhani atakuwa upande wa kuwafukuza wote wawili. Alisema taratibu kwamba hukumu ya mate haina kilo. Mbwa mkubwa na mdogo ni mamoja, na anayemwogopa Simba kwa najisi kisha akampakata Pipi ajiulize vizuri. Kisha akaenda mbali zaidi. Mtume ametaja mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba kuwa wana sababu, na wanazuoni wengi wamepimia hapo ulinzi wa nyumba. "Sasa kati ya hawa wawili," akasema, "mwenye kazi ni yupi?" Akamtaja na mbwa wa watu wa pangoni, katika Suratul Kahf, aliyenyoosha miguu yake mlangoni. Mlangoni, akakariri, akionyesha kwa kidole banda la Simba kando ya geti.

Kimya kikapita. Kura ikapigwa kwa mikono: Simba abaki, kwa masharti. Masharti yakaandikwa, na nilisisitiza neno "mbwa" lisiongezewe sifa yoyote. Mbwa atatoka uani akiwa na kamba. Mbwa atakuwa na kadi ya chanjo ya mwaka huo. Mbwa akimuuma mtu, kamati ijulishwe siku hiyohiyo, hata kama ni kudona.

Karatasi ilibandikwa getini. Kwa wiki tatu Simba alikuwa halali. Lakini karatasi haitembei na mzee asubuhi. Watoto walifundishwa kukimbia wakimwona. Muuza maji akakataa kuingia. Kila mzee alipotoka na kamba mkononi, mtu fulani alivuka upande wa pili akivuta pumzi kwa nguvu ili asikike. Kile kidonda juu ya jicho kilipona na kovu, na kovu likawa ushahidi mpya: "Umemwona uso wake? Huyo ni mgomvi." Mwisho wa mwezi mzee alinipigia simu. "Mwanangu, ukubwa jaa. Kila taka hutupiwa yeye." Akampeleka kwa nduguye Mariakani, kwenye boma la mbuzi. Nilimtembelea mara moja. Analala mlangoni.

Pipi nilimchanja wiki ileile ya kikao, pale uani, majirani wakitazama. Yule dada alimshika kichwa, ila hakumshika sawasawa. Sindano ilipoingia, Pipi aligeuka na kunipata kwenye gumba, damu ikatoka. Uani pakavunjika mbavu. "Kamdona daktari!" kijana wa ghorofa ya tatu alipiga kelele, na hata mama mjamzito alikuwa akijifuta machozi ya kucheka.

Nikaenda kwenye bomba la tangi, nikaomba sabuni, nikaanza kuosha huku nikitazama saa. Dakika ya sita bado walikuwa wakicheka. Ya kumi walianza kuniuliza kama nina wazimu. Nilizima maji ya kumi na tano, nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, na kwenye kadi mpya ya Pipi, chini ya tarehe ya chanjo, nikaandika: ameuma, mtu wa tano ninayemjua.